Jiwe, Mkanda na Mkono

Palikuwa na nchi. Iko upande gani, msiulize. Waliowahi kuulizwa wakajibu hawakufika mwisho wa sentensi. Nchi yenyewe ilikuwa nzuri, mvua yake ilinyesha kwa kibali, na kiongozi wake aliitwa Mtukufu tu, kwa kuwa jina lake la kuzaliwa lilikuwa limechoka kutamkwa. Watu wengine hufuga kuku. Mtukufu alifuga saa za mkononi. Alikuwa nazo mia tatu na sita.

Hazikuwa saa za betri zile za kuuziwa barabarani. Zilikuwa saa za kifahari, zinazopata nguvu kwa kutikisika mkononi mwa mtu. Ukiivua moja ukaiweka kabatini siku mbili, inasimama. Na saa ya Mtukufu ikisimama ulikuwa msiba wa taifa: bendera nusu mlingoti, redio inalia kutwa, na wenye harusi wanarudisha maturubai.

Sasa Mtukufu, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa na mikono miwili. Wataalamu walilichunguza jambo hilo kwa miaka mitatu wakathibitisha kuwa ni kweli. Ndipo ikaundwa Wizara ya Mikono.

Sikudhani aliajiriwa na Wizara akiwa na miaka kumi na saba. Tuseme ukweli, hakuajiriwa yeye. Uliajiriwa mkono wake wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini. Mkono ulipewa namba, mia na kumi na mbili, ukapigwa picha, ukalishwa kiapo. Yeye mwenyewe aliruhusiwa kuusindikiza kazini.

Mnajua mkono wa kushoto una kazi zake, na si kazi za kutajwa mbele ya wageni. Kumpa mtu mzima kitu kwa mkono huo ni kumtukana na mama yake juu. Lakini saa huvaliwa kushoto. Kwa hiyo Waziri wa Mikono, Mheshimiwa Mkumbukwa, alitoa waraka kwamba mkono wa kushoto umetakaswa, na kwamba zile kazi zake za chooni zimehamishiwa mkono wa kulia. Aliyekuwa akila wali kwa mkono wa kulia na aendelee kwa imani. Baadaye Wizara iligawa vijiko. Viliishia makao makuu.

Mkono namba mia na kumi na mbili haukuosha vyombo. Haukukuna kichwa wala kufukuza nzi. Haukumshika mtoto, kwa sababu mtoto hutoa udenda, na udenda huharibu dhahabu. Tunu, mtoto wa Sikudhani, alipozaliwa katika mwaka wa sita wa kazi, mkono ulifungwa kwa kitambaa laini kwenye chaga za kitanda usije ukajigonga. Afisa wa Wizara alisimama kichwani pa mzazi muda wote wa uchungu, akiitazama saa. Ndiyo maana wakati wa kuzaliwa Tunu unajulikana mpaka sekunde, ila uzito wake haukuandikwa popote.

Sikudhani alijifunza kumfunga mtoto mgongoni kwa mkono mmoja na meno. Alimwogesha kwa mkono mmoja, akimbana magotini kama mtu anayemenya nazi. Usiku Tunu alilala akiunyoosha mkono wake wa kushoto nje ya shuka, umekakamaa, kama alivyomwona mama yake akilala. Bi Arafa, bibi yake, aliurudisha ndani. Mtoto akautoa tena.

Lakini Sheria ya Mikono ilikuwa na kifungu kimoja cha huruma, na Mtukufu mwenyewe alikitia sahihi: baada ya miaka kumi, mkono utarudishwa kwa mwenyewe. Sikudhani hakujua kusoma sana, ila kifungu hicho alikijua kwa moyo kama watu wanavyojua Alhamdu. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Siku hiyo," alimwambia Tunu, "nitakushika hapa, na hapa, nikurushe juu uguse boriti."

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa mikono miwili."

"Mkono wa Serikali hautanigombeza?"

"Hautakuwa wa Serikali tena, mwanangu. Utakuwa wa mama."

Tunu aliitazama boriti kwa muda. Kisha akaenda kunawa uso, kwa mkono mmoja, ili awe tayari.

*

Siku ya tisa kabla ya siku yenyewe, redio ilitangaza kwamba Mtukufu amekubaliwa.

Kukubaliwa huku si jambo dogo. Katika nchi moja ya baridi, yenye milima na ng'ombe waliovishwa kengele, wapo mafundi ambao hawauzi saa kwa kila mwenye uwezo. Wao humkubali mtu. Unaandika barua ya kuomba, wanakuuliza ulishawahi kuvaa nini, nani anakujua, na ukiivaa utakwenda nayo wapi. Mtukufu alituma ujumbe wa watu arobaini, wakakaa hotelini miezi kumi na moja wakisubiri kuulizwa. Hospitali kuu ilikuwa na mashine moja ya kupigia picha mifupa. Nayo ilisafiri na ujumbe huo, wakasema inakwenda kupumzika. Haikurudi.

Saa iliyopatikana ilikuwa ya tatu kati ya tatu zilizowahi kutengenezwa duniani. Ya kwanza ilizama na mwenyewe. Ya pili ilizikwa na mwenyewe. Hii ya tatu ilionyesha mwezi umefikia wapi, mwaka ni mfupi au mrefu, na theluji itaanguka lini. Theluji nchi haikuwa nayo, lakini sasa ilikuwa na habari zake. Mkanda wake ulikuwa wa dhahabu iliyosukwa, unaofungwa kwa kufuli dogo kama punje ya mtama, na ufunguo wake ulikuwa mmoja.

Ndani ya sanduku lake mlikuwa na kijitabu. Kijitabu kilisema saa hii hupenda mkono uliotulia.

"Mkono uliotulia!" Waziri Mkumbukwa aliwahutubia wavaaji wote, waliopangwa uwanjani mikono mbele. "Ndugu zangu mikono! Taifa linahitaji mmoja wenu. Kunjueni. Na nyie mliofuatana nayo, nyamazeni."

Aliyesimama karibu na Sikudhani alikuwa Shambe, namba mia na kumi na moja, mtu wa maneno mengi. "Mimi wangu umetulia sana," alinong'ona. "Tangu uache kushika hela."

"Nyamaza, kaka Shambe. Mimi nimebakiza siku tisa."

"Basi tetemeka, dada yangu. Tetemeka kama unamwona mkweo uchi."

Mtihani ulikuwa rahisi. Daktari wa Mapigo, ambaye hakuwa daktari wa kitu kingine chochote, alishika kifundo cha mkono, na afisa akamwambia mwenye mkono habari mbaya. Mapigo yakipanda, umefeli.

Mwanamume mmoja aliambiwa mwanawe amegongwa na gari la Wizara. Akaanguka hapo hapo. Akaandikiwa amefeli, na baadaye ikaonekana kweli mtoto aligongwa, afisa alikosea tu orodha. Mama mmoja aliambiwa mumewe ameoa mwingine. Mapigo yakapanda, lakini daktari aliandika kuwa ni ya furaha. Shambe aliambiwa nyumba yake imeungua.

"Ipi?" aliuliza Shambe. "Ile mliyoibomoa, au ile mliyoniahidi?"

Akapigwa makofi mawili, mapigo yakapanda, akafeli akicheka.

Ikafika zamu ya Sikudhani. Alitaka kufeli. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutamani kufeli kama yeye. Aliwaza chatu, akawaza kaburi, akamwaza Tunu kisimani. Moyo wake ulipiga kama mchi kinuni. Mkono wa kulia ulitetemeka mpaka bangili yake ya plastiki ikagongana na kifungo cha gauni.

Daktari alishika wa kushoto. Akafumba macho, akahesabu, akafumbua.

"Hamsini na nne," alisema.

"Na huo mwingine?" aliuliza Waziri.

"Mia na ishirini, Mheshimiwa."

Waziri aliitazama mikono ile miwili ya mtu mmoja, machozi yakamlengalenga. "Mnaona? Huu ni mzalendo. Huo mwingine ni mpinzani. Fungeni saa."

Miaka kumi ya kutokushika kitu, kutokuguswa, kutokugombezwa wala kubembelezwa, ilikuwa imeufundisha mkono ule kutojua habari za mwenyewe. Sikudhani aliuona ukinyooshwa, ukavuliwa saa yake ya zamani, ukafungwa ile dhahabu, na kufuli likalia kidogo sana, kama mtu anayevunja kiroboto kwa ukucha.

Alijiambia si kitu. Siku tisa ni siku tisa. Wataifungua.

*

Katika nchi ile hakuna jambo lililoanza bila jiwe la msingi. Madaraja mengi yalikuwa na mawe ya msingi, na mito ikapita karibu nayo bila bughudha. Kwa hiyo kesho yake Mtukufu alikwenda kuweka jiwe la msingi la Jumba la Saa, na kwa desturi ndani ya jiwe huwekwa kitu cha thamani. Mwaka wa shule kuu kiliwekwa kitabu pekee cha mtaala. Mwaka wa kiwanda cha dawa iliwekwa dawa.

"Safari hii tuweke nini?" aliuliza katibu.

Waziri Mkumbukwa aliangaza huku na huku, akapapasa mfukoni, akautoa ule ufunguo. Ulikuwa mdogo, wa dhahabu, ukapendeza sana kwenye kamera. Ukamwagiwa zege. Ngoma zikapigwa, na Mtukufu akagonga jiwe kwa mwiko mara tatu. Jiwe likigongwa na Mtukufu haliguswi tena, na anayeligusa ananyongwa. Hii nayo ilikuwa sheria yake.

Sikudhani alikuwepo, kwa kuwa mkono ulialikwa. Aliuona ufunguo ukizama kwenye zege taratibu. Alifungua mdomo. Akaufunga. Katika nchi ile mtu hamkatizi mkubwa akimwaga zege.

Siku nane baadaye, asubuhi ya siku yenyewe, alivaa gauni lake la mikono mirefu, akamwacha Tunu mlangoni na Bi Arafa, akaenda kudai alichoahidiwa. Kamati ya Mkono ilikuwa imekaa: Waziri, Daktari wa Mapigo, mwanasheria na mzee mmoja aliyesinzia kwa niaba ya wananchi.

"Shikamooni," alisema Sikudhani.

"Marahaba. Mkono hujambo?" alijibu Waziri, akiuamkia mkono.

"Haujambo. Nimeufuata. Leo miaka kumi imetimia."

"Imetimia kweli," alisema mwanasheria, akifungua sheria. "Mkono utarudishwa kwa mwenyewe. Leo hii, kabla ya jua kuzama. Asiporudishiwa, Mtukufu atakuwa amevunja neno lake."

"Mtukufu hawezi kuvunja neno lake," alisema Waziri.

"Hawezi. Ila mkononi kuna saa, na saa lazima ibaki."

"Basi ifunguliwe."

Mzee wa wananchi aliguna usingizini. Ndipo wote wakaukumbuka ufunguo, na kila mmoja akamtazama mwenzake kama watu walioingia msibani wakicheka.

"Jiwe haliguswi," alisema mwanasheria.

"Haliguswi. Na mkanda ukikatwa?"

"Mkanda ni wa Mtukufu. Kuukata ni uhaini."

Sikudhani hakuwa na desturi ya kusema mbele za watu. Sauti yake ilitoka nyembamba kama moshi wa kijiti. "Waheshimiwa, bangili ikibana sisi hupaka sabuni. Mkono ukiloweshwa vizuri, ukakunjwa hivi kidole gumba, inatoka. Mama yangu anaweza. Hata mimi naweza."

Daktari wa Mapigo alishika kifua. "Sabuni! Kwenye saa ya tatu kati ya tatu!"

"Basi niacheni niendelee kuivaa," alisema haraka. Hapo aliona boriti ya nyumbani ikienda juu zaidi, na bado akasema. "Mwaka mwingine. Hata kumi. Sitaudai mkono."

"Wewe binti," alisema Waziri kwa upole wa baba, "unataka Mtukufu aonekane mwongo kwa ajili yako? Umri wako na ubinafsi huo!"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi tulia, tukutafutie haki yako."

Wakaitafuta. Walikunywa chai, wakaagiza maandazi, wakaitafuta tena. Jua lilikuwa limeanza kuinama pale mwanasheria alipoinua kidole, uso wake uking'aa.

"Tujiulize, waheshimiwa. Jiwe ni la nani?"

"La Mtukufu."

"Mkanda ni wa nani?"

"Wa Mtukufu."

"Na mkono, tangu asubuhi ya leo, kwa mujibu wa kifungu cha huruma, ni wa nani?"

Wote wakamgeukia Sikudhani kwa furaha. Katika chumba kile chote, kitu pekee kisichokuwa cha Mtukufu kilikuwa kimening'inia begani mwake.

"Hongera, binti," alisema Waziri. "Ni wako. Serikali imekurudishia rasmi. Andikeni: umerudishwa. Na kwa kuwa ni wako, una ruhusa ya kuutoa. Andikeni: ameutoa."

"Sijautoa," alisema Sikudhani.

"Unautoa sasa hivi. Usiwe na haraka."

Alishikwa na watu wanne. Mkono ulisomewa risala ya dakika ishirini, ukavishwa nishani ya utumishi uliotukuka, ukapigiwa makofi. Mzee wa wananchi aliamshwa, akaambiwa apige makofi, akapiga, akarudi usingizini. Kisha Daktari wa Mapigo akaenda kuazima msumeno kwa fundi wa Jumba la Saa, kwa kuwa hospitali haikuwa na wake. Alirudi akilalamika kwamba hauna meno mazuri.

Sikudhani alipiga kelele. Kumbukumbu za kikao zimeandika kwamba mwananchi alitoa shukrani.

Jua lilikuwa bado halijazama. Sheria ilitimizwa na muda ukabaki.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya Mtukufu kuzikagua saa zake. Alijengewa ukuta mrefu wenye matundu mia tatu na saba, na kila tundu lilikuwa na pazia la mahameli. Wavaaji walisimama upande wa pili wakatoa mikono, ili Mtukufu asisumbuliwe na nyuso. Kwa miaka kumi, hapo ukutani, Sikudhani hakuwahi kumwona uso. Alimjua kwa kidole chake kimoja, chenye unyevu, kilichopapasa kioo cha saa kisha kikaenda zake.

Ijumaa iliyofuata tundu la mia na kumi na mbili halikuwa na mtu nyuma yake. Mkono uliegemezwa kwenye stuli, ukapakwa poda. Shambe, wa tundu la jirani, alisimulia baadaye yaliyotokea, mpaka alipokatazwa kusimulia.

Saa ya tatu kati ya tatu ilikuwa imesimama tangu Jumatano. Mshale wake mdogo ulikuwa umelala. Waziri Mkumbukwa alimfuata Mtukufu nyuma, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi, akihesabu matundu yaliyobaki ya maisha yake.

Mtukufu alifika. Akainama. Akapapasa kioo.

"Inang'aa," alisema.

"Inang'aa, Mtukufu."

"Na mkono huu. Umetulia kweli. Hii mingine inatetemeka tetemeka, inanikera. Kwa nini yote isiwe kama huu?"

Waziri alivuta pumzi ya kwanza tangu Jumatano. "Itakuwa, Mtukufu. Tumeanza na huu kwa majaribio."

"Vizuri. Saa ngapi sasa?"

Akageuka kumtazama mlinzi wake, kama alivyofanya siku zote. Mlinzi alitazama saa yake ya plastiki akamwambia. Katika miaka yote ile Mtukufu hakuwahi kusoma saa hata moja kati ya zile mia tatu na saba. Alizipenda kwa mng'aro wao, basi. Kama zote zingelala kabatini zimesimama, asingejua.

Shambe alisema alitaka kucheka, akatazama mkono wake, akaacha.

*

Sikudhani alirudi nyumbani siku ya kumi na moja, homa ilipopungua. Alitembea kwa miguu, mkono mmoja wa gauni ukiwa umekunjwa na kushikizwa pini. Bi Arafa alikuwa akipepeta mchele uani. Ungo ulimponyoka, akakaa chini pale pale juu ya mchele, bila kulia, mdomo wazi.

Tunu alitoka ndani mbio. Alimtazama mama yake kuanzia juu mpaka chini.

"Mkono wa Serikali uko wapi?"

"Umestaafu."

"Umerudi kwao?"

"Umerudi kwao, mwanangu."

Mtoto aliridhika. Hakuona kilichopungua, mama yake alikuwa na mkono mmoja tangu siku ile inayojulikana mpaka sekunde. Aliinua kidevu. "Haya, nirushe."

Sikudhani aliinama, akampitishia ule wa kulia kwapani, akajikaza. Tunu aliinuka kidogo kutoka chini, kama siku zote, akanyoosha vidole vya mkono wa kulia. Boriti ilikuwa mbali. Akashushwa.

"Bado kidogo tu," alisema Tunu, kumfariji.

Jioni Bi Arafa alipika uji, maana ndicho alichoweza kupika bila kuangalia. Akammiminia mjukuu wake bakuli lililojaa, akamnyooshea. "Lishike vizuri, la moto hilo. Shika kwa mikono miwili."

Tunu alilipokea kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto aliuweka pembeni, umenyooka, safi, umetulia. Bakuli liliinama, uji ukamwagikia miguuni, akauma meno, na ule mkono haukutikisika.

"Mtoto huyu!" Bi Arafa alipiga kelele. "Nimesema mikono miwili! Huo mwingine wa nini?"

Tunu alimtazama bibi yake kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata watoto wanalijua.

"Huu si wangu, bibi," alisema. "Nautunza tu, mpaka waje."